Ufa wa sinki la choo hauzibwi na saruji nyeupe

Jamani hii ya kusema choo cha zamani kikipata ufa paka tu saruji nyeupe imeisha, si kweli. Sinki ni kauri, juu ina ule mng'ao laini kama kioo, saruji haina pa kushika, inakaa kidogo inabanduka na maji yanaanza kuvuja tena. Kinachoshika ni epoksi, ile gundi ya tyubu mbili unachanganya, ila funga maji kwanza, kausha kabisa, piga msasa ndo upake, halafu usikitumie mpaka kesho yake. Na si kila kimstari ni ufa bwana, vingine ni mng'ao tu umechanika juu juu, mwaga maji yenye rangi ndani, nje pakibaki pakavu achana navyo. Ila ufa uliotoboa pale unapokalia, hapo epoksi sahau, nunua sinki jipya, kauri ikivunjika na mtu juu yake inakata vibaya mno.