Je, wajua kwa nini imani huonekana kushuka baada ya Ramadhani?

Muulize mtu hali ya imani yake usiku wa 27 wa Ramadhani, kisha umuulize tena wiki mbili baada ya Idi. Mara ya pili huenda akasema amerudi nyuma, ingawa anaswali sala tano kwa wakati, amekwisha kufunga siku tatu katika zile sita za mfungo mosi, na kwa kweli yuko juu kuliko alivyokuwa mwezi wa Rajabu. Rajabu ameisahau, anajipima kwa tarawehe za juzi.

Jambo hili laweza kujaribiwa nyumbani kwa mabeseni matatu: moja la maji ya moto yanayovumilika, moja la maji baridi, na la katikati liwe na maji ya uvuguvugu. Weka mkono mmoja kwenye maji ya moto na mwingine kwenye ya baridi kwa dakika moja hivi, kisha ingiza yote miwili katika beseni la katikati. Mkono uliotoka kwenye maji ya moto utahisi baridi, na mwenzake utahisi joto, ilhali maji ni yale yale. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliliandika jambo hili mwaka 1690. Ngozi husikia zaidi tofauti na kile ilichokwisha kuzoea, na hisia za moyoni nazo zina tabia hiyo.

Mwaka 1978 huko Marekani, Philip Brickman na wenzake waliwalinganisha washindi 22 wa bahati nasibu ya Illinois na watu 22 wasioshinda. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha zaidi, na mambo madogo kama kifungua kinywa au mazungumzo na rafiki yaliwapa raha pungufu. Kundi lilikuwa dogo, hivyo tusilitwishe mzigo mkubwa mno.

Waislamu wanalo simulizi la zamani zaidi, lililomo katika Sahihi Muslim. Sahaba Hanzala alijishuku unafiki, kwa kuwa mbele ya Mtume aliiona Pepo na Moto kana kwamba kwa macho yake, lakini akirejea kwa mke, watoto na shughuli zake, mengi yalimtoka. Abubakari, mtu ambaye nani angemdhania unafiki, akamwambia kwamba naye hupatwa na hayo hayo. Walipofika kwa Mtume, aliwaambia kwamba lau wangedumu katika hali ile, malaika wangewapa mikono vitandani na njiani mwao. Lakini, ewe Hanzala, kuna saa na saa, yaani saa ya hali ile na saa ya shughuli za dunia.