Uchovu sugu wa kazi: mazoezi ya mwili yanasaidia wapi, yanaishia wapi

Magharibi mwa Kenya, mtu akilalamika kwamba mwili hauna nguvu, ataambiwa kwanza akapimwe malaria. Ni ushauri mzuri. Kuanzia Busia hadi Kisumu malaria bado ipo kwa wingi, na hakuna haja ya kutafuta maelezo ya mbali kabla ya kutoa tone la damu. Shida huanza pale majibu yanapotoka safi, damu haijapungua, sukari iko sawa, na bado Jumatatu asubuhi miguu inakataa kushuka kitandani. Umelala usiku mzima, umeamka umechoka vilevile. Jumapili jioni, ukikumbuka tu kwamba kesho ni kazi, tumbo linakaza.

Hali hiyo ndiyo tunayoizungumzia hapa: uchovu sugu wa kazi. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika juu yake baada ya kuwaona wahudumu wa kujitolea katika kliniki ya bure jijini New York wakiishiwa, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa watu walioipenda kazi yao. Baadaye Christina Maslach, mwanasaikolojia wa California, akishirikiana na Susan Jackson, alitengeneza hojaji ya kuupima, iliyochapishwa mwaka 1981 na inayotumika hadi leo.

Shirika la Afya Duniani limeueleza katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Halikuuita ugonjwa. Limeuweka kama jambo linalotokana na kazi: matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Dalili zake ni tatu. Nguvu zinakwisha, moyo unajitenga na kazi au kuanza kuidharau, na mtu anahisi kwamba afanyacho hakina tija tena.

Ya kwanza kila mtu anaijua. Ya pili ndiyo hupita bila kutambuliwa, kwa sababu haionekani kama uchovu, inaonekana kama tabia mbaya. Chukua muuguzi wa zamu ya usiku Kisumu, mtu aliyekuwa akimwita kila mgonjwa mama au mzee. Sasa anasema, "Kitanda cha saba anasumbua tena." Jamaa za mgonjwa wakija na swali, anajibu akiwa anaandika, bila kuinua macho. Wenzake wanasema amekuwa na kiburi. Inawezekana ni kiburi kweli, lakini mara nyingi ni mtu aliyebakiwa na kidogo sana, na anakifungia ndani kisiishe. Mwalimu anayewaita wanafunzi wake wote "hawa wajinga" muhula ulipofika wiki ya kumi naye ni wa kuangaliwa kwa jicho hilohilo.

Sasa, mwili unaingia wapi? Unaingia kabla ya uchovu huo, kwenye msongo unaouzaa. Mapema karne iliyopita Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Harvard, alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia unapokutana na hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, damu huhamia kwenye misuli, tumbo husimamisha kazi yake. Homoni ya kotisoli hufuata na kuendeleza hali hiyo. Ni mpango mzuri ukikutana na kiboko ufukweni Dunga. Lakini mwili huandaa mambo hayohayo ukiona ujumbe wa supavaisa saa nne usiku, na hapo hakuna wa kupigana naye wala pa kukimbilia. Mtu wa namna hii ni kama pikipiki iliyoegeshwa stejini injini ikiwaka: haijabeba abiria, lakini mafuta yanakwisha.

Kuna upande mwingine wa mfumo wa neva, unaopunguza kasi. Mshipa wake mkuu ni neva ya vagasi, inayoteremka kutoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Huwezi kuiamuru ikutulize, kama ambavyo huwezi kuamuru tumbo lisage chakula. Unaweza kuifikia kwa mlango mmoja ambao uko chini ya mamlaka yako, nao ni pumzi.

Jaribu sasa hivi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hadi uusikie mpigo. Vuta pumzi taratibu, kisha itoe taratibu zaidi, kama mtu anayepoza chai bila haraka. Watu wengi, hasa vijana, watasikia mapigo yakiharakisha kidogo pumzi ikiingia na kulegea ikitoka. Ndiyo maana mafunzo mengi ya pumzi, ukiyavua mapambo yake, yanasema jambo moja tu: toa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Ukifikia pumzi kama sita kwa dakika, uko pazuri. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2023 uliwapa watu dakika 5 kila siku kwa mwezi mmoja. Waliofanya zoezi la kushusha pumzi (unavuta kwa pua, unaongeza mvuto mdogo juu yake, kisha unatoa polepole kwa mdomo) waliimarika hisia zao kuliko waliokaa kutafakari kimya. Bibi zetu walishusha pumzi kabla ya kuanza kusimulia jambo zito, na hawakuhitaji programu ya simu kuwakumbusha.

Mlango wa pili wa kuutuliza mwili ni misuli. Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, alianza katika miaka ya 1920 kuwafundisha wagonjwa kukaza fungu moja la misuli kwa makusudi, kisha kuliachia na kuisikiliza tofauti. Inasikika kama mchezo hadi umwone mtu anayeihitaji. Fikiria mwanamke anayepanga maua ya waridi katika shamba la Naivasha, kaunti ya Nakuru, majuma yale ya kabla ya Valentine. Anasimama tangu asubuhi, anapima urefu wa shina, anatoa majani ya chini, anafunga shada, anachukua jingine. Banda lina baridi kwa ajili ya maua, si kwa ajili yake. Kufikia saa tisa mabega yake yamepanda karibu kuyafikia masikio, meno yamebanana, na yeye hana habari. Ukimwambia "legeza mabega" hatayalegeza, kwa sababu hajui kwamba yamekazika. Mwambie ayapandishe zaidi, mpaka juu kabisa, ahesabu moja hadi tano, kisha ayaangushe. Hapo ndipo atakapoyasikia. Afanye vivyo hivyo na ngumi, kisha na taya, kisha na nyayo ndani ya gambuti. Ni zoezi linalofanyika ndani ya basi la wafanyakazi au kwenye foleni ya choo, bila mkeka, na bila mtu kukuuliza umepatwa na nini.

Kutembea nako kunafaa. Mwili ulioandaliwa kukimbia hufurahi ukikimbizwa, au angalau ukitembezwa. Kushuka matatu steji moja kabla ya nyumbani na kumalizia kwa miguu, simu ikiwa mfukoni, ni dawa rahisi kwa anayekaa ofisini kutwa. Simshauri hivyo yule wa maua, aliyesimama tangu asubuhi; yeye ainue miguu ukutani.

Kisha kuna kuimba, ambako kwa maoni yangu hakupewi heshima yake. Mstari mrefu wa wimbo ni pumzi ndefu inayotoka, na watu hamsini wa kwaya wanaitoa pamoja. Ngoma pia. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, inachezwa kwa mabega na kifua, yaani sehemu zilezile ambazo msongo huzifunga. Sisemi ilibuniwa kwa ajili ya wafanyakazi wa ofisi. Nasema tu kwamba anayeacha mazoezi ya kwaya ya Alhamisi kwa sababu "kazi imezidi" huenda ameacha kitu kilichokuwa kikimbeba.

Tahadhari kidogo. Kizunguzungu kikija, umevuta pumzi kwa nguvu mno. Rudi kwenye kupumua kwako kwa kawaida. Wapo watu, hasa waliopitia ajali au ukatili, ambao wakifumba macho na kuusikiliza mwili hofu inazidi. Hao wasifumbe. Waangalie dirisha, wakanyage sakafu, au waache zoezi hilo na kutembea. Mwenye pumu asibane pumzi kwa kushindana na saa.

Hapa ndipo watu huchanganya mambo mawili. Mazoezi haya yanazima injini jioni ili mwili upate kujirekebisha usiku. Hayapunguzi idadi ya wagonjwa wadini. Maslach na mwenzake Michael Leiter walitaja mambo sita ya kazini yanayozaa uchovu huu: mzigo wa kazi, kukosa sauti juu ya kazi yako, malipo na shukrani, mahusiano na wenzako, haki, na maadili yako kugongana na unachoagizwa kufanya. Hata moja halikai kwenye mabega. Kwa hiyo mwajiri anayemleta mkufunzi wa yoga Ijumaa, huku wauguzi wawili wakiendelea kubeba zamu ya wanne, ananunua subira yao kwa bei rahisi. Mkufunzi hana kosa, lakini zamu iko palepale.

Cha kufanya, basi, ni kutumia nguvu kidogo ambazo mazoezi yanakurudishia kugusa jambo moja kati ya hayo sita. Anza na dogo linaloweza kukubaliwa: kubadilishana zamu ili usiku usifuatwe na asubuhi, au supavaisa asipige simu baada ya saa mbili usiku isipokuwa kwa dharura. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12. Wengi huiahirisha likizo hiyo mwaka hadi mwaka kwa hofu kwamba nafasi yao itachukuliwa. Ombeni kwa maandishi, na mkiweza ombeni wengi pamoja.

Mama anayeuza mitumba katika soko la Kibuye, Kisumu, ambako Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko, hana supavaisa wa kumwandikia. Wala mwendeshaji wa boda. Kwao mapumziko hupatikana kwa makubaliano: jirani wa kibanda anakuuzia Jumanne, wewe unamuuzia Alhamisi, na chama kinajua hivyo. Si kamili, na siku ya kulipa karo hakuna anayepumzika.

Uchovu wa kazi kwa kawaida hulegea mtu akiwa mbali na kazi kwa muda. Ukienda ushagoo majuma mawili na bado chakula hakina ladha, watoto hawakufurahishi, na asubuhi ni nzito vilevile, huenda si uchovu wa kazi tena bali ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na sonona ina matibabu yake. Nenda hospitali, ueleze hivyo hivyo ulivyo, usiseme "kichwa tu". Na kama kifua kinabana, au mawazo ya kujitoa uhai yamekujia, usingoje kuyajaribu mazoezi kwanza. Mwambie mtu wa karibu leo, na akusindikize hospitali.