Dedilaini imepita, picha bado ziko kwenye laptopu

Mbukwenyi wadau wa kamera. Kila shindano likishafungwa huwa napata meseji zinazofanana, mtu ana picha kali, kaziediti, kazipanga kwenye folda, halafu hakuwahi kutuma, na swali linalofuata ni "sasa si nizirushe tu Insta?" Jibu langu siku zote ni subiri kwanza. Picha ambayo haikutumwa bado ina kazi nyingi mbele yake, ila ukiirusha bila kuwaza kuna nafasi unazipoteza, na nyingine hazirudi kabisa.

Kwanza niwatetee waliochelewa, maana watu wanawasema vibaya. Wapiga picha ninaowafahamu hapa Dodoma, Singida na Manyoni si wavivu, wanaamka saa kumi alfajiri kufuata mwanga. Kinachowaangusha mara nyingi ni saa. Shindano la nje likiandika 11:59 PM bila wewe kuangalia ni saa za wapi unaweza ukajitesa bure au ukakosa kabisa. Kama ni New York kipindi chao cha joto, hapa kwetu inakuwa saa moja kasoro dakika moja asubuhi ya siku inayofuata, na wakirudisha saa zao nyuma kipindi cha baridi inasogea mpaka saa mbili kasoro dakika moja. Kama ni London kwenye baridi ni saa tisa kasoro dakika moja usiku, kwenye joto ni saa nane kasoro dakika moja. Sisi saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, wao wanabadilisha, kwa hiyo shindano lile lile linaweza kukufungia saa tofauti likihamia mwezi mwingine. Halafu kuna ile meseji inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, "mwisho leo saa 12", mmoja anaelewa jioni jua likizama, mwingine anaelewa saa sita mchana kwa sababu kwenye fomu imeandikwa 12:00, mwingine anaelewa usiku wa manane. Usiamini meseji ya kuforwadiwa jamani, fungua ukurasa wenyewe wa shindano, soma ni saa za mji gani, weka alamu kwa saa zetu, na alamu iwe ya siku moja kabla.

Kitu kingine kinachokula muda ni maelezo ya picha. Kuediti watu wanaweza, ila ukifika pale unapotakiwa uandike nani, wapi, lini na nini kinaendelea, ndo unagundua hukuuliza jina la kijiji, hukuandika tarehe, na yule mzee uliyempiga anaitwa nani hujui. Andika palepale ulipopigia, kwenye simu, kabla hujapanda bodaboda. Na ukiwa vijijini ndani, usitegemee kupandisha mafaili kumi makubwa saa ya mwisho kwa bando la simu, mtandao ukiyumba kidogo tu umeanza upya.

Sasa kuna kuchelewa kwingine ambako mimi nakuheshimu, na hapa nina mfano wangu. Msimu wa zabibu nilikuwa Hombolo, shambani, kama saa moja asubuhi, jua liko chini linapenya katikati ya mistari ya mizabibu. Kuna bibi mmoja alikuwa anakata vichala kwa mkasi mdogo ambao mpini wake umefungwa mpira wa ndani wa baiskeli, vidole vimeshaingia rangi ya zambarau mpaka kwenye kucha, na zile zabibu bado zina ule unga mweupe juu, unga ambao ukigusa tu unatoka, kwa hiyo kila alipozishika unaona alama za vidole vyake zimebaki kwenye tunda. Nikapiga karibu sana, lensi ya 85, nimefungua mpaka f/2.8 ili majani ya nyuma yapotee, spidi 1/640 kwa sababu mikono yake haitulii hata sekunde. Ni picha ninayoipenda kuliko zote za msimu ule. Shindano nililolitaka lilidai ridhaa ya maandishi ya anayeonekana, nikamweleza, akaniambia, "Mjukuu wangu, subiri wanangu warudi kutoka Dar, hiyo karatasi wataisoma wao." Wakarudi shindano limeshafungwa. Wakaisoma, wakauliza maswali ya maana, mama yao akakubali. Sikumharakisha na nisingemharakisha, sura ni yake na jina ni lake, na shindano linakuja tena mwakani. Kwa picha za watoto ni hivyo hivyo, tena zaidi, ongea na mzazi, usiridhike na mwalimu au jirani aliyekwambia "piga tu".

Haya, picha ipo, muda umepita. Kabla hujairusha popote, jiulize shindano unalolitaka mwakani linasemaje kuhusu picha iliyokwisha kuonekana. Masharti hayafanani kabisa. Yapo yanayotaka picha ambayo haijachapishwa mahali popote, na baadhi yao mtandao wa kijamii wanauhesabu kama kuchapisha. Yapo ambayo Insta kwao haina shida. Yapo yanayoangalia tarehe ya kupiga, kwa mfano World Press Photo, shindano la picha za habari ambalo makao yao ni Amsterdam, picha moja moja na stori fupi wanataka kazi ya mwaka wa kalenda uliopita, kwa hiyo ukikosa mwaka wake umekosa. Ila hao hao wana kundi la miradi ya muda mrefu, la kazi iliyopigwa kwa miaka kadhaa, na pale picha yako ya zamani inarudi kuwa na thamani kama umeendelea kufuatilia jambo lile lile. Mtu anayepiga wakulima wa zabibu wa Dodoma msimu hadi msimu, picha aliyoikosesha mwaka huu ndo itakuwa mwanzo wa mradi wake. Usiifute.

Upande wa Wikimedia, wale wenye Wikipedia, mambo yamegeuka, na watu wengi wa huku kwetu hawajui. Yale mashindano ya Wiki Loves, la maeneo na majengo ya kihistoria lililoanzia Uholanzi 2010, la mazingira lililoanzia Ukraine 2013, na lile la Afrika lililoanza 2014, hayajali umepiga lini. Unaweza ukaleta picha ya miaka sita iliyopita. Wanachojali ni uwe umeipiga mwenyewe, na uwe umeipandisha Wikimedia Commons, ile hazina yao ya picha mtandaoni, ndani ya muda wa shindano. Sasa wewe umekosa dedilaini kwa siku mbili, unasema ngoja nizipandishe tu zisikae bure, hapo umeshaziondoa mwenyewe kwenye shindano la mwaka unaofuata, kwa sababu zitasomeka zilipandishwa nje ya muda. Zitunze kwanza. Lile la Afrika lina mada ya kila mwaka, mwaka 2017 mada ilikuwa watu kazini, na picha ya bibi yangu wa Hombolo ingekaa pale vizuri sana, kwa hiyo kusubiri mada inayokufaa kuna faida. Na ujue kwamba ukishapandisha Commons umetoa leseni huru, mtu yeyote anaweza kuitumia hata kwa biashara mradi akutaje, na leseni hiyo huirudishi. Mimi naiunga mkono, Tanzania ya kati ina picha chache mno kule ukilinganisha na Zanzibar au Serengeti, ila ingia ukijua.

Ukishaamua ni zipi za kutoa, zitoe vizuri. Kwenye stori moja mimi huwa natoa zile za kusindikiza, mazingira, mikono, njia ya kwenda shambani, na ile yenyewe kabisa naiacha ndani mpaka nijue inaenda wapi. Ya bibi haitaonekana hapa leo kwa sababu hiyo, mtaona za shamba na za makreti yakipakiwa. Hifadhi toleo safi ambalo halina jina lako pembeni, maana mashindano mengi majaji hawatakiwi kujua picha ni ya nani na yenye jina inaondolewa mapema. Faili la RAW, lile ghafi linalotoka kwenye kamera, usimpe mtu, hata rafiki, hata kama anasema anataka kukueditia, kwa sababu ukifika fainali ndilo wanaloliomba kuthibitisha hujachezea picha, na wengine ukikosa RAW wanataka kuona fremu za kabla na za baada. Kwa hiyo usifute fremu "mbovu" zilizoko jirani na picha yako nzuri.

Ukimtumia mtu WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa, na taarifa za kamera, tarehe na saa zinafutika, halafu mwezi ujao unaitafuta ile ya kwenye chati ukidhani ni orijino. Na hakimiliki usiogope, kwa sheria yetu ya mwaka 1999 kazi ni yako tangu ulipoitengeneza, kuiposti hakukuondolei haki. Ila kudai haki yako bila orijino mkononi ni kazi ngumu.

Nina folda nyingine ya Kolo, Kondoa, michoro ya miambani iliyoingia urithi wa dunia 2006. Nilipiga bila flashi, kwenye kivuli cha asubuhi, ile rangi nyekundu inatoka vizuri zaidi jua lisipoigonga moja kwa moja. Hizo sizitoi sasa. Lile shindano la Wiki Loves la maeneo na majengo ya kihistoria huwa linafanyika Septemba, na nchi lazima iwe kwenye orodha ya mwaka huo, kwa hiyo nitaangalia orodha ikitoka. Kama Tanzania ipo zinapanda siku ya kwanza asubuhi, kama haipo nitaziposti hapa zote na maelezo ya kila mwamba.