Kibo Ikiwa Nyeupe Asubuhi: Ni Theluji au Barafu?

Kila masika simu zetu hujaa picha za Kibo, kilele kikuu cha Mlima Kilimanjaro, ikiwa nyeupe mpaka mabegani, na swali kwetu sisi tunaopima barafu yake huwa lile lile: si mlisema theluji inakwisha? Wanaouliza wana haki ya kujibiwa. Theluji ni ile iliyoanguka jana au juzi, na jua la siku chache huiondoa. Barafu ni theluji ya miaka mingi iliyoshindiliana mpaka ikawa ngumu kama jiwe. Theluji bado inakuja. Barafu ndiyo inayokwisha.

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walipiga picha za kupimia mlima, na ramani iliyotokana nazo inaonyesha barafu ya takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2.

Satelaiti huijuaje theluji, ikiwa wingu nalo ni jeupe? Tangu 1982 satelaiti za Landsat hubeba kihisi kinachopima pia mwanga wa infraredi ya mawimbi mafupi, ambao macho yetu hayauoni. Katika mwanga huo wingu huendelea kung'aa, lakini theluji huwa nyeusi karibu kama mkaa. Kila nukta ya picha ni mita 30 kwa 30, karibu viwanja viwili vya mpira wa kikapu. Nukta hizo ndizo tunazohesabu, mwaka hadi mwaka.

Wengi hudhani barafu ya Kibo inayeyuka tu, kama ya kwenye friji umeme ukikatika. Kule juu wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Kuta za barafu zimesimama wima zikipigwa na jua, na sehemu kubwa hugeuka mvuke bila kupitia maji. Kinga yake ni theluji mpya, ambayo hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Theluji ikiadimika, barafu kuukuu yenye vumbi hubaki wazi na kumeza sehemu kubwa ya mwanga huo. Uhaba huo ulianza mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya Afrika Mashariki ilipokauka na maziwa yetu yakapungua kina.

Joto la sasa limeongezea. Mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State ilichimba nguzo za barafu kileleni. Katika tabaka la juu walikuta mapovu ya hewa yaliyorefuka, alama ya barafu iliyoyeyuka ikaganda tena. Tabaka za chini, za maelfu ya miaka, hazikuwa na alama hiyo.

Kwa wanaohofia mifereji ya vihambani, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga: maji yake mengi ni mvua ya msituni, si barafu. Msitu ndio unaonikosesha usingizi zaidi.

Nyumbani kwenu kukiwa na picha ya zamani ya Kibo, andikeni nyuma yake mwaka pamoja na mwezi. Sisi hulinganisha picha za mwisho wa kiangazi, theluji ya msimu ikishaondoka. Ya Aprili haiwezi kupimwa na ya Septemba.