Nyumba ya mzee si suala la ngazi tu

Wengi huamini kwamba nyumba isiyo na ngazi, au iliyojengewa mteremko mlangoni, tayari inamfaa mzee. Si kweli. Mzee anaweza kuanguka vibaya kwenye sakafu tambarare kabisa, hasa usiku akielekea chooni.

Anza na mwanga. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga linaoupata jicho la kijana wa miaka 20, kwa hiyo balbu inayokutosha wewe humwacha yeye akipapasa. Swichi iwe karibu na kitanda. Kisha bafuni: vigae visivyoteleza, na vishikio vilivyokazwa kwa skrubu ukutani. Chuma cha kutundikia taulo hakihesabiki. Anayeteleza hukidaka kwa uzito wake wote, kikang'oka naye. Na kile kizulia kilichojikunja pembeni? Kiondoe tu.

Huo mteremko nao una masharti. Kwa kila sentimita 1 ya kimo, urefu uwe walau sentimita 12; ukizidi ukali, kiti cha magurudumu kitamshinda anayekisukuma. Mlango wenye upana chini ya sentimita 80 nao utakibania, hata mteremko uwe mzuri namna gani.