Mtoto mchanga hahitaji maji, hata jua likiwaka

Jua kali, mama yuko shambani, mtoto wa miezi miwili analia mgongoni. Jirani anasema, "Ana kiu huyo, mpe maji kidogo." Ni neno la huruma, ila si sahihi.

Karibu asilimia 87 ya maziwa ya mama ni maji. Mtoto anaponyonya, anakula na kunywa kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linashauri anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6, na ushauri huo haubadiliki kwenye nchi za joto. Joto likizidi atataka titi mara nyingi zaidi, mpe. Anayehitaji kikombe cha maji hapo ni mama.

Kinachosahaulika ni tumbo lenyewe. La kichanga ni dogo mno: vijiko vichache vya maji vinalijaza, naye analala ameshiba kitu kisicho na lishe. Asiponyonya, titi nalo hupunguza kutengeneza maziwa. Baadaye mama anaambiwa maziwa yake hayatoshi, na lawama anabebeshwa yeye! Hapo sijagusa kuhara, kwa maji ya kisima na kijiko kilichosuuzwa kwa maji hayohayo.

Una wasiwasi? Hesabu nepi. Mtoto aliyevuka wiki ya kwanza, akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo usio na rangi kali, kwa kawaida anapata maziwa ya kutosha. Dawa aliyoandikiwa na mhudumu wa afya haimo katika katazo hili.