Kisa cha watu kuikimbia treni ya La Ciotat

Husimuliwa kwamba filamu ya ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, waanzilishi wa sinema, ya treni ikiingia stesheni ya La Ciotat, mji mdogo wa bandari kusini mwa Ufaransa, iliwatimua watazamaji mbio. Hakuna ripoti ya wakati ule inayothibitisha taharuki hiyo. Wala filamu hiyo haikuwemo kati ya filamu 10 za onyesho lao maarufu la Paris, la kwanza la kulipia kwa umma, Desemba 28, 1895. Kisa hiki kinawadhulumu watazamaji wale: walishangaa, naam, lakini picha ilikuwa ya kijivu, sekunde kama 50, treni haitoi hata mlio. La Ciotat kwenyewe, ukumbi wa Eden wa mwaka 1889 ulionyesha filamu za akina Lumière 1899. Ulifungwa 1995, ukakarabatiwa, ukafunguliwa tena 2013.